Barua Pepe ya Siri Isiyohitaji Fundi

Ndani ya kisanduku cha barua pepe cha ofisi ndogo ya wakili, zahanati au wakala wa safari, iwe Dar es Salaam au Nairobi, kuna picha za pasipoti, nakala za vitambulisho vya taifa, majibu ya vipimo, mikataba ya nyumba, hati za mirathi na namba za akaunti za benki. Karibu vyote vilitumwa vikiwa wazi. Waliovituma hawakuwa wazembe. Waliandika anwani, wakaambatisha faili, wakabonyeza kitufe cha kutuma, na programu haikuwapa njia nyingine ambayo mtu mwenye kazi nyingi angeweza kuifuata. Makala haya yanamhusu mtu huyo: karani, muuguzi, katibu wa chama cha akiba, mzazi anayemtumia mwanawe aliyeko Muscat nakala ya cheti cha kuzaliwa. Hoja yangu ni kwamba usimbaji wa barua pepe, yaani kuyageuza maandishi yasisomeke ila na yule aliyekusudiwa, haujawafikia watu hawa kwa sababu waliobuni zana zake waliwabebesha watumiaji kazi ambayo kompyuta ingeifanya vizuri zaidi. Leo zipo njia ambazo kazi hiyo imepunguzwa kwa kiasi cha kutosha, na anayewashauri wengine anapaswa kuzijua, pamoja na mipaka yake.

Tuanze na hali ilivyo. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe, SMTP, uliandikwa mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo vikuu na maabara chache, nao haukuwa na kinga yoyote ya siri. Baadaye safari yenyewe ilifungwa. Siku hizi barua nyingi zinazotoka kwa mtoa huduma mkubwa mmoja kwenda kwa mwingine husimbwa zikiwa njiani, na anayevizia mawasiliano kwenye Wi-Fi ya mgahawa hapati kitu cha kusoma. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini barua ikishafika kwenye seva hukaa pale ikisomeka. Mtoa huduma anaweza kuisoma, na mdukuzi aliyeipata nywila anaweza kuisoma pia, tena si ya leo peke yake bali na za miaka 10 iliyopita, kwa kuwa ni watu wachache mno wanaofuta barua zao. Kwa hiyo ukiambiwa na mtoa huduma kwamba barua zako zimesimbwa, uliza zimesimbwa kutoka wapi hadi wapi. Usimbaji ninaouzungumzia hapa unaanzia kwenye kifaa cha mwandishi na kuishia kwenye kifaa cha msomaji, na katikati hakuna mwenye uwezo wa kufungua.

Hesabu zinazowezesha jambo hili hazina upya wowote. Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha wazo la ufunguo wa umma mwaka 1976. Katika utaratibu wao kila mtu ana funguo mbili zinazokwenda pamoja: wa umma, ambao ni kama kufuli lililo wazi unalomgawia yeyote anayetaka kukufungia kitu, na wa siri, unaobaki kwako na ambao peke yake ndio unaofungua. Mwaka 1991 Phil Zimmermann aliyatia mawazo hayo ndani ya programu aliyoiita PGP na kuigawa bure. Serikali ya Marekani ikamchunguza kwa miaka kadhaa kwa madai ya kusafirisha nje teknolojia iliyowekwa kundi moja na silaha, kisha Januari 1996 ikaliacha shauri hilo bila mashtaka. Tangu hapo yeyote mwenye kompyuta aliweza kuandika barua ambayo hata dola haiifungui. Wachache mno ndio walioandika.

Kwa nini? Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha utafiti ambao kila mtengenezaji wa programu angepaswa kuusoma. Waliwachukua watu 12 waliosoma na waliozoea barua pepe, wakawapa PGP toleo la 5.0, lililokuwa likisifiwa kwa sura yake ya kupendeza, wakawataka wajione kama watu wa kampeni ya uchaguzi wanaowatumia wenzao ratiba ya siri. Kila mmoja alipewa dakika 90. Ni theluthi moja tu waliofaulu kutuma barua iliyosimbwa na kutiwa sahihi ya kidijitali inavyotakiwa. Watatu waliituma siri yenyewe ikiwa wazi, bila kukusudia. Saba walisimba kwa ufunguo wao wenyewe badala ya ule wa mtu wanayemwandikia, na barua ikawa haifunguki upande wa pili.

Kosa hilo la watu saba linafundisha mengi. Mtu akitaka kufunga mlango wake hutumia ufunguo wake, na hao walifanya kile ambacho maisha yamewafundisha. Programu ilikuwa na habari zote zilizohitajika kuwazuia: ilijua barua inakwenda kwa nani, na ilijua ufunguo uliotumika ni wa nani. Ingeweza kuukataa ufunguo ule, au ingeuchagua yenyewe ufunguo sahihi bila kuuliza. Badala yake ilimwachia mtu achague kutoka kwenye orodha, kana kwamba anayeandika ratiba ya kampeni amekuja kufanya mtihani wa hisabati. Miaka 16 baadaye, mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young walirudia jaribio la namna hiyo kwa zana ya kisasa inayoitwa Mailvelope. Safari hii waliweka watu 20 wawiliwawili, kila jozi ikapewa saa moja kutumiana barua iliyosimbwa. Katika jozi 10 ilifaulu 1.

Matokeo ya ugumu huu hayaishii maabara. Desemba 2012 mtu aliyejiita Cincinnatus alimwandikia mwandishi wa habari Glenn Greenwald, akamwomba aweke PGP ili amtumie habari nyeti. Greenwald, mwandishi makini aliyekuwa akiandika kila mara juu ya upelelezi wa serikali, hakufanya hivyo. Aliona ni kazi ndefu naye ana mengine ya kufanya. Mgeni huyo akamtengenezea hadi video ya mafunzo, na bado haikusaidia. Mwishowe alimgeukia mtengeneza filamu Laura Poitras, ambaye tayari alikuwa akitumia usimbaji. Aliyejiita Cincinnatus alikuwa Edward Snowden, aliyekuja kufichua upelelezi wa mtandaoni wa serikali ya Marekani. Habari kubwa kuliko zote za upelelezi wa mtandaoni zilikaribia kumpita mwandishi huyo kwa sababu ya programu ngumu. Hata Zimmermann mwenyewe, mwaka 2015, alieleza kwamba hakuwa na toleo la PGP linalofanya kazi kwenye vifaa vyake. Chombo ambacho aliyekiunda amekiacha hakiwezi kudaiwa kwa karani wa zahanati.

Wapo wanaosema tiba ni elimu: watu wapelekwe semina, wafundishwe ufunguo wa umma ni nini. Nawaheshimu, wengi wao wamejitolea miaka mingi kufundisha wanahabari na watetezi wa haki. Ila ushahidi wa upande wa pili ni mzito. Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha kuwasha usimbaji wa mwanzo hadi mwisho kwa watumiaji wake wote, wakati huo zaidi ya bilioni 1, kwa kutumia utaratibu ulioundwa na watu wa Signal, programu nyingine ya ujumbe. Hakuna aliyehudhuria semina. Bibi anayetuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga kwenda Toronto anausimba bila kulisikia neno hilo maishani. Na mfano mwingine uko karibu zaidi na barua pepe. Mteja wa Safaricom akiomba taarifa ya M-Pesa, huletewa kwa barua pepe faili la PDF lililofungwa, na namba ya kulifungulia huja kwa ujumbe mfupi kwenye simu yake. Mwenye duka anayeihitaji taarifa hiyo ili apate mkopo analifungua, analichapa na kulipeleka benki. Watu haohao tunaoambiwa hawawezi wanafanya hivyo kila siku, kwa kuwa aliyepanga mfumo aliwaachia tendo moja tu, nalo linaeleweka.

Mtu atasema basi tuachane na barua pepe, tutumie WhatsApp au Signal. Kwa mazungumzo ya watu wawili wanaojuana hilo ndilo jibu, nami nalishauri bila kusita: ukitaka kumwambia daktari wako jambo la siri leo jioni, usihangaike na funguo. Lakini kazi nyingi haziwezi kukaa humo. Zabuni, maombi ya chuo, mawasiliano na ubalozi, nyaraka za kesi, yote hutaka anwani isiyofungwa kwenye laini ya simu ya mtu, na kumbukumbu inayoweza kutafutwa baada ya miaka 5. Tena kuna hatari ambayo ofisi zetu zimeizoea mno. Karani anapopokea picha za vitambulisho vya wateja kwenye WhatsApp yake binafsi, zinaweza kujihifadhi kwenye picha za simu, katikati ya picha za harusi na za watoto, na siku akiacha kazi anaondoka nazo. Barua ya ofisi inabaki ofisini.

Basi barua pepe ijifunze nini kutoka kwenye simu? Ufunguo uundwe, ugawiwe na utafutwe na programu, bila mtu kuombwa. Wazo hilo lina kazi iliyokwisha fanyika. Mwaka 2016 kundi la wataalamu lilianzisha mpango unaoitwa Autocrypt, na maelekezo yake ya kwanza yakakamilika mwishoni mwa 2017. Chini ya mpango huo kila barua ya kawaida unayotuma hubeba ufunguo wako wa umma ndani ya maelezo yake yasiyoonekana. Programu ya mwenzako huuchukua na kuutunza kimya. Anapokujibu, tayari anao ufunguo wa kukufungia, na programu yako ikipokea jibu inaupata wa kwake. Barua ya kwanza inakwenda wazi, zinazofuata zinaweza kufungwa, na hakuna aliyeulizwa swali lolote. Delta Chat, programu inayotumia anwani ya barua pepe kwa sura ya mazungumzo ya simu, ilijengwa juu ya msingi huo.

Hapa wataalamu wa usalama huinua pingamizi zito, nalo linastahili jibu kamili. Wanasema: ukipokea ufunguo bila kuuhakiki, utajuaje ni wa mwenzako kweli? Mtu aliyekaa katikati anaweza kuutoa wa kweli na kutia wa kwake, akasoma kila kitu, akakifunga tena na kukipeleka mbele. Hilo linawezekana, na sitaki kulipunguza uzito. Lakini ili lifanikiwe, mshambuliaji lazima azibadilishe barua zenyewe, na asiteleze hata mara moja, maana akiteleza barua itakataa kufunguka. Mlinganishe na hali ya sasa, ambamo aliyepata nywila ya kisanduku anakaa kitako na kusoma yote. Masharti magumu yaliyowekwa ili kumzuia mshambuliaji wa kwanza, ambaye ni nadra, ndiyo yaliyowaacha watu mikononi mwa wa pili, ambaye ni wa kila siku. Kwa wengi wetu usimbaji usiohakikiwa ni bora mara nyingi kuliko kutosimba. Kwa mwanahabari na mtoa habari wake, au wakili wa kesi ya kisiasa, uhakiki ni wa lazima, nao unawezekana: kila ufunguo wa aina ya PGP una alama yake fupi, kwa kawaida herufi na tarakimu 40, na programu huzionyesha katika mafungu ya nne nne. Mpigie simu mtu ambaye sauti yake unaijua, mmoja asome, mwingine afuatishe kwa kidole kwenye skrini, fungu kwa fungu hadi la 10. Ni dakika mbili, mara moja tu.

Lakini urahisi nao una kiasi chake. Watafiti walewale wa Brigham Young walionyesha mwaka 2013 kwamba usimbaji ukifichwa kabisa, watu huchanganyikiwa: hawajui kama barua imefungwa au la, wengine hutuma wazi wakidhani wamefunga, na imani yao kwa mfumo inapungua. Somo ninalolipata hapo ni kwamba kazi ndiyo ifichwe, hali ya barua ionekane. Programu nzuri haikuulizi juu ya ufunguo, bali kabla ya kutuma inakuonyesha wazi, kwa rangi na kwa maneno, kwamba barua hii itafungwa au haitafungwa, na ikishindwa kufunga inasimama na kukuambia badala ya kutuma kimyakimya. Ukiwa unachagua kati ya programu mbili, kigezo hicho kitakusaidia kuliko orodha ndefu ya sifa zake.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Njia nyepesi kuliko zote ni pande mbili kuwa kwenye huduma moja iliyojengwa kwa usimbaji tangu mwanzo. Proton Mail ilianzishwa mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana kwenye maabara ya fizikia ya CERN, kule Geneva. Tuta ni ya Hannover, Ujerumani. Zote zina akaunti za bure. Watu wawili wa Proton wakiandikiana, barua hujifunga na kujifungua zenyewe, na ufunguo hakuna anayeuona. Kwa familia, kamati ya watu watano au ofisi ndogo, hii inatosha na sioni sababu ya kutafuta zaidi. Ila elewa inapoishia. Barua inayotoka Gmail ya kawaida kuja kwenye Proton yako haikusimbwa kutoka mwanzo; ilikuja wazi ikafungwa ilipofika, na nakala yake iliyo wazi imebaki kwa mtumaji. Kuhamia peke yako kunalinda upande wako tu.

Na je, huduma yenyewe tuiamini? Historia inatoa sababu ya kuwa macho. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba Hushmail ya Canada, iliyojitangaza kwa usimbaji, iliwakabidhi wenye mamlaka barua za baadhi ya wateja zikiwa zinasomeka, kwa amri ya mahakama, kwa kuwa katika mojawapo ya njia zake nywila ya mteja ilipitia kwenye seva ya kampuni. Mwaka 2021 Proton, kwa amri ya kisheria ya Uswisi, ilitoa anwani ya mtandao ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa. Matukio haya mawili hayafanani. La kwanza lilihusu maneno yaliyoandikwa, la pili lilihusu mahali mtu alipoingilia. Usimbaji huficha ulichoandika. Haufichi kwamba uliandika, ulimwandikia nani na saa ngapi. Mwenye hatari ya kufuatiliwa yeye mwenyewe anahitaji msaada mkubwa kuliko makala haya, na asidanganywe na neno usalama lililopakwa kwenye tangazo.

Njia ya pili ni ya ofisi inayotaka kubaki na anwani yake. Thunderbird, programu ya bure ya barua pepe, iliingiza usimbaji wa PGP ndani yake mwaka 2020. Kabla ya hapo ilibidi kutafuta nyongeza na programu nyingine pembeni, na wengi waliishia hapo. Sasa unaingia kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, unabonyeza kuongeza ufunguo, unachagua kuunda mpya, unasubiri kidogo. Kisha unamtumia mwenzako barua ya kawaida iliyoambatishwa ufunguo wako wa umma, naye anafanya vivyo hivyo. Ufunguo wake ukifika, programu inakutaka useme kama unaukubali, ama bila kuuhakiki ama baada ya kuuhakiki mwenyewe. Chagua kwa ukweli. Halafu washa mpangilio wa kusimba barua mpya, maana kinachotegemea mtu akumbuke kubonyeza kitufe kitasahaulika siku ya haraka, na siku ya haraka ndiyo siku ya nyaraka nyeti. Kazi hii ya mara ya kwanza aifanye mtu mmoja anayeijua, kwenye kompyuta zote za ofisi, siku moja. Karani asiachiwe.

Njia ya tatu ni ya mpokeaji asiye na chochote kati ya hivyo: mteja mwenye Gmail, mgonjwa, mkwe aliyeko ughaibuni. Proton na Tuta humwezesha mtu kutuma barua iliyofungwa kwa nywila, mpokeaji akabonyeza kiungo na kuiandika nywila hiyo kwenye kivinjari. Asiye na huduma hizo anaweza kuifunga hati yenyewe, kwa PDF yenye nywila au kwa 7-Zip, inayosimba kwa kiwango cha AES-256. Njia hii ni imara kama nywila yenyewe, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa na jina la mtoto havifai. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanafaa, na yanasomeka vizuri kwenye simu. Kosa kubwa ni kutuma nywila kwa barua pepe ileile, au ya pili kwenda anwani ileile. Japani ofisi nyingi zilikuwa na mazoea hayo kwa miaka, barua moja ina faili, inayofuata ina nywila, hadi Novemba 2020 waziri wa masuala ya kidijitali, Takuya Hirai, alipotangaza kwamba ofisi za baraza la mawaziri zinaachana nayo. Aliyeingia kisandukuni anazo zote mbili. Nywila ipite njia nyingine: simu, ujumbe mfupi, au ana kwa ana.

Katika njia zote hizo yapo machache ambayo yatabaki kwa mtu. Kichwa cha barua mara nyingi hakisimbwi. Thunderbird na Tuta hukisimba, Proton haikisimbi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo andika "Nyaraka za Jumatatu" na si "Majibu ya kipimo cha VVU". Na simu au kompyuta iliyoachwa bila kufungwa inaifuta kazi yote, kwa sababu barua pale inasomeka kama inavyosomeka kwako.

Jambo zito kuliko hayo ni kupoteza ufunguo. Hili ndilo pingamizi ambalo sina jibu la kuliondoa kabisa: kompyuta ikiibiwa na nakala ya ufunguo haipo, barua zote za zamani zimepotea, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Kwa mtu aliyezoea kubonyeza "nimesahau nywila", hilo ni tishio la kweli, na anayeshauri usimbaji bila kulitaja anamkosea mwenzake. Lakini linaweza kupangiwa. Proton humpa mtumiaji maneno ya kurejeshea akaunti, na Thunderbird inaruhusu kutoa nakala ya ufunguo wa siri kwenye faili lenye nywila. Siku ileile ufunguo unapoundwa, maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi, nakala iwekwe kwenye flashi mbili, na zihifadhiwe mahali pawili tofauti panapofungwa. Ofisi iamue mapema nani wa pili atakayejua zilipo, kwa sababu watu huugua, huhama na hufa. Isiyoweza kufanya hivyo haiko tayari kusimba barua zake za kudumu, na kwa sasa itumie njia ya kufunga hati moja moja huku asili ikibaki kabatini.

Nasikia pia sauti inayosema: mimi sina cha kuficha, na usimbaji ni kinga ya wahalifu. Wahalifu wamekuwa na PGP tangu 1991 na wana muda wa kuisoma. Ugumu wake umewazuia waaminifu tu. Ama kuhusu kuficha, karibu hakuna kisanduku kilichobeba siri za mwenyewe peke yake. Pasipoti ni ya mteja, kipimo ni cha mgonjwa, mshahara ni wa mfanyakazi. Hawakukupa ruhusa ya kuamua kwamba hawana cha kuficha. Sheria nazo zimeshalitamka: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inautaja usimbaji miongoni mwa hatua za kulinda taarifa za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ofisi ndogo isidhani sheria hizo ni za benki na makampuni ya simu peke yake.

Wewe unayechagua programu kwa niaba ya wengine, kama fundi wa ofisi, mratibu wa shirika au kijana anayetegemewa na ukoo mzima, fanya jaribio moja kabla ya kuamua. Waweke wafanyakazi wawili wasiopenda kompyuta kwenye meza mbili, waombe watumiane hati iliyofungwa na kujibizana, halafu kaa kimya. Usiwaelekeze, usiguse panya. Tazama wanaposita, andika neno lililowasimamisha. Robo saa ikipita hawajafika, rekebisha mipangilio au tafuta programu nyingine, na usikimbilie kuwapeleka kozi. Wakifika, waandikie maelekezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili wanachokizungumza, yabandikwe karibu na mashine. Kisha chagua mteja mmoja au mgonjwa mmoja ambaye nyaraka zake zikivuja zitamuumiza, na uanze na barua zake wiki hii.